Kaburi, Ushahidi na Polisi: Jawabu la Suala la Mama wa Mtaa Wetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa yetu ya baada ya Isha, mwezi wa Rajab uliopita, aliletwa kwetu na nduguye mama mmoja mjane wa mtaa wetu. Alisimama mlangoni kwa haya mpaka tulipomwekea kiti upande wa wanawake. Mwanawe, kijana mchukuzi wa mizigo sokoni, alikamatwa Jumatatu usiku, akawekwa korokoroni mpaka Alkhamisi asubuhi, kisha akaachiliwa bila ya kupelekwa kwa hakimu wala kushitakiwa kwa neno lolote. Alirudi nyumbani akitapika damu, na Jumamosi akafa. Alizikwa siku iyo hiyo baada ya Alasiri. Daktari hakumwona, si kabla ya kufa wala baada yake.

Ulipopita mwezi, walikuja watu wawili wa ile Mamlaka Huru ya Kusimamia Kazi za Polisi, ambayo wengi waijua kwa jina la IPOA. Wakazunguka mtaani kuuliza, na hawakupata hata mtu mmoja wa kuwaambia neno. Basi wakamweleza mama yule kuwa njia iliyobaki ni kuomba amri ya hakimu, kaburi lifukuliwe na maiti apimwe. Wazee wa ukoo walipolisikia hilo walimwambia kuwa ni haramu, na kuwa atamwadhibu mwanawe kaburini, na kuwa lililoandikwa limekwisha andikwa. Naye akaja kutuuliza: Je, yajuzu?

Tulimwomba atupe muda, kwani jambo la damu halijibiwi kwa haraka. Tumelisoma suala lake majuma matatu, na haya ndiyo tuliyoyaona. Twayachapa hapa kwa idhini yake, bila ya jina lake wala la kituo kile, kwa kuwa twajua si yeye peke yake mwenye suala hili katika miji yetu ya pwani.

Kwanza yafaa msomaji ajue hao watu wawili ni nani, kwani wengi mtaani waliwadhania kuwa ni askari kanzu, na wakajifungia milango. Baada ya fitina ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilitoa taarifa yake mwezi wa Oktoba 2008. Ilihisabu watu 1,133 waliokufa, na katika hao 405 waliuawa kwa risasi, na polisi wakalaumiwa kwa vifo vingi vya namna hiyo. Tume ikashauri kiwekwe chombo cha kuwachunguza polisi kisichokuwa mikononi mwa polisi wenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ikafuata, kisha sheria ya mwaka 2011 ikaiunda Mamlaka hiyo, nayo ikaanza kazi mwaka 2012. Wanaoiongoza ni raia. Yaweza kupokea malalamiko ya mtu yeyote, yaweza kuanza uchunguzi kwa hiari yake bila ya mlalamikaji, yaweza kuingia katika vituo na kukagua korokoroni, na ni wajibu wake kuchunguza kila kifo na kila jeraha kubwa lililosababishwa na polisi. Na afisa wa polisi naye amelazimishwa na sheria, itokeapo ajali ya namna hiyo, kuipelekea Mamlaka khabari na kuuhifadhi ushahidi.

Uwezo wake una mpaka. Haimfungi mtu wala haimhukumu. Hukusanya ushahidi, ikampelekea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye aamuaye kushitaki au kuacha. Kwa hivyo nguvu yake yote i katika ushahidi, na ushahidi hauko ofisini kwake. Uko kwetu sisi, mitaani.

Pengine mtu atasema: Haya ni mambo ya wazungu na ya katiba, yatuhusu nini sisi katika darasa ya dini? Tutamjibu kuwa kabla hajapewa utume, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an kiapo ambacho Makureshi walikiita Hilful Fudhul. Mfanya biashara wa Yaman alikuwa amenyang'anywa haki yake na mkubwa mmoja wa Makka, Al-As bin Wail, na hakuwa na kabila pale Makka la kumtetea. Watu wakaapa kuwa watasimama na kila aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe chake. Na baada ya Uislamu Mtume alikisifu kiapo kile, akasema kuwa lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Wale walikuwa raia wenye kumsimamia mgeni mnyonge mbele ya mwenye nguvu, na hawakungoja mwenye nguvu ajichunguze mwenyewe.

Kisha tazama aliyoyafanya Sayyidna Umar (r.a.). Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, naye ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakusema kuwa mtu kama huyu hasemwi. Alimwita akamsikiliza, kisha akatuma watu pamoja naye mpaka Kufa, wakawauliza watu msikiti kwa msikiti bila ya kuuacha hata mmoja. Hawakungoja watu waje barazani kwa gavana, ambako nani angethubutu kusema? Misikiti yote ikamsifu Saad, ila katika msikiti wa Bani Abs alisimama mtu mmoja akamsema kwa mabaya. Saad akamwapiza kwa Mola wake kwamba ikiwa ni mwongo apate balaa, na kisa katika Sahihi ya Bukhari chaeleza namna yalivyomfika mtu yule uzeeni kwake.

Twakitaja kisa hiki chote, na mwisho wake, kwa sababu kina pande mbili. Upande mmoja ni kuwa hakuna mtawala, hata awe na daraja ya Saad, asiyechunguzwa anaposhitakiwa. Upande wa pili ni kuwa mwenye kushitaki kwa uwongo amejipalia makaa. Askari naye ni mja wa Mungu, ana mama yake, na wako katika hao polisi watu waaminifu wanaokesha ili sisi tulale. Yule aendaye kumzulia askari kwa kuwa alimkamatia mwanawe na bangi ya kweli, asidhani kuwa amefanya jihadi.

Wanavyuoni wa zamani waliliwekea jambo hili mlango wake maalumu. Imam Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyekufa mwaka 450 wa Hijra, katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya ameeleza kazi ya msimamizi wa madhalim, yaani baraza la kusikiliza dhulma. Jambo la kwanza analolitaja katika kazi zake ni uonevu wa watawala juu ya raia, na asema kuwa katika hili msimamizi hangoji mtu aje kulalamika, bali hulitafuta mwenyewe. Sheria ya mwaka 2011 imekuja na neno lilo hilo. Tena Al-Mawardi ametaja kuwa baraza hilo lasikiliza pia malalamiko ya wapokea mishahara waliopunguziwa haki yao. Na Mamlaka yetu hii nayo yapokea malalamiko ya askari wenyewe wanaodhulumiwa na wakubwa wao, jambo ambalo askari wengi hawalijui! Kabla yake, Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alimwandikia Harun Rashid kumtaka wafungwa watazamwe hali zao, walishwe, wala mtu asifungwe kwa tuhuma tupu ya mtu mwingine. Kwetu Katiba katika kifungu cha 49 yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeisha nje ya wakati wa kazi. Kijana wetu alilala korokoroni siku tatu kasoro, na zote zilikuwa siku za kazi.

Sasa tuje kwenye kaburi lenyewe.

Asili ya jambo ni kuwa kaburi la Mwislamu lina heshima, na imepokewa kwa Mtume kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Hilo hatulipingi. Lakini madhehebu yetu ya Shafi hayakuufunga mlango. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa kaburi hufukuliwa kwa dharura, kama maiti alizikwa bila ya kuoshwa, au alizikwa katika ardhi au sanda iliyoporwa, au mali iliangukia ndani. Na katika vitabu vya Shafi imeelezwa pia kuwa maiti aliyemeza johari ya mtu na mwenyewe akaidai, hupasuliwa tumbo ikatolewa. Basi ikiwa kaburi lafukuliwa kwa ajili ya sanda, na tumbo lapasuliwa kwa ajili ya kito, litakuwaje lisifukuliwe kwa ajili ya damu ya Mwislamu, ambayo haki yake ni kubwa kuliko johari zote za dunia?

Na kuna kisa cha Jabir bin Abdillah (r.a.), nacho ki katika Bukhari. Babake aliuawa shahidi Uhud, akazikwa pamoja na mtu mwingine katika kaburi moja. Nafsi ya Jabir haikutulia kumwacha hivyo, akamtoa baada ya miezi sita akamzika peke yake. Sahaba huyu alifanya hilo kwa kutaka utulivu wa moyo tu, wala hakuna aliyemwambia kuwa amemwadhibu babake. Adhabu ya kaburi ni kwa amali ya mtu mwenyewe. Haiji kwa jembe la mchimbaji.

Ama upasuaji wa maiti kwa kutafuta sababu ya kifo, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu huko Makka lilikaa mwaka 1987, likaamua kuwa wajuzu katika mashitaka ya jinai pale ambapo hakimu hawezi kujua sababu ya kifo ila kwa njia hiyo. Sharti lake ni kutopita kadiri ya haja, kuheshimiwa maiti, na kurudishwa viungo vyake vikazikwa.

Wala jambo hili si geni hapa kwetu. Mwezi wa Agosti 2014, huko Kinango katika kaunti ya Kwale, polisi waliokuwa wakimtafuta jamaa yake walimpiga risasi msichana wa miaka 14 ndani ya nyumba yao usiku. Wakadai kuwa aliwajia na panga. Msichana akazikwa. Mamlaka ikaomba amri ya mahakama, maiti akafukuliwa na kupimwa, na mwezi wa Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, ikawahukumu kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyopatikana nchini kwa uchunguzi wa Mamlaka hii. Ilitoka katika kaburi la mtoto wa kijijini, huku kwetu pwani.

Na mwezi wa Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alikufa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Kati cha Nairobi. Tamko la kwanza la polisi lilisema kuwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walipompima wakaona majeraha ambayo ukuta hauwezi kuyafanya, na maafisa wa polisi wakashitakiwa kwa mauaji. Lau jamaa zake wangalimzika siku ile ile kama tuzikavyo sisi, ukuta ndio ungalibaki kuwa muuaji.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya kuharakisha maziko. Kuharakisha ni sunna, wala hatumwambii mtu aiache. Lakini sunna ya kuharakisha ni kwa kifo ambacho hakina utata. Aliyekufa kwa kipigo au kwa risasi, au aliyetoka korokoroni akafa, ana haki nyingine inayotangulia, nayo ni haki ya kujulikana aliyemuua. Saa chache za kumpeleka hospitali hazimdhuru maiti. Na yule aliye hai bado, amerudi na majeraha, apelekwe kwa daktari siku ile ile, vyeti vya matibabu viwekwe, picha zipigwe, kisha itafutwe fomu ya P3. Na ajabu ya nchi yetu ni kuwa fomu hiyo aliyepigwa na polisi huenda kuifuata kwa polisi! Basi aende kituo kingine, wala asiende peke yake.

Wazee wanaosema lililoandikwa limeandikwa, twawaheshimu kwa umri wao, lakini neno lao hili halisimami. Kila aliyeuawa amekufa kwa ajali yake, na juu ya hayo Mwenyezi Mungu ameweka kisasi na diya. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 33, Mungu ametaja kuwa aliyeuawa kwa dhulma, walii wake amepewa mamlaka, ila asipite mpaka. Lau kadari ingefuta haki ya damu, aya hii ingekuwa haina kazi.

Mama yule alitueleza pia kuwa mtu asiyemjua alimletea bahasha ya fedha siku ya tatu ya matanga, akisema ni mkono wa pole. Wazee walimshauri aipokee iwe ndiyo diya, na mambo yaishe. Alipotuambia hili tulinyamaza kitambo. Diya ni haki ya walii, na kusamehe ni bora zaidi, lakini vyote viwili huja baada ya muuaji kujulikana na kukiri, au kuthubutu juu yake. Fedha inayoletwa na mtu asiyetaja jina, kwa kifo ambacho hakuna anayekikubali, si diya katika madhehebu yoyote tuyajuayo. Hiyo ni bei ya kunyamaza. Naye amsamehe nani, na kwa kosa gani, hali hajaambiwa?

Tumebakiwa na lililo zito kuliko yote, nalo ni ukimya wa mtaa. Usiku ule wa Jumatatu watu wasiopungua saba walikuwa barazani wakicheza bao alipochukuliwa kijana yule. Asubuhi ya Alkhamisi watu walimwona akirudi ameshika ukuta. Walipokuja wachunguzi, wote walikuwa hawajui. Mungu ametukataza kuficha ushahidi katika Sura ya Bakara, aya ya 283, akautia moyo wa mwenye kuuficha katika dhambi. Na katika Sura ya Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kuusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Twazisoma aya hizi kila Ramadhani kwa sauti nzuri.

Hata hivyo hatutaki kuwaonea majirani zetu. Khofu yao ina asili. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walipouvamia Msikiti Musa, Mombasa, walikamatwa watu zaidi ya mia, na mmoja wao alipigwa picha akiwa mikononi mwa askari, na hajaonekana tena. Na mwezi wa Juni 2016 wakili Willie Kimani, pamoja na mteja wake aliyemshitaki askari kwa Mamlaka, na dereva wao, walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko wakauawa. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo Mahakama Kuu ilipowatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mpasha khabari wao. Mwenye kuyajua haya akaogopa, hatumwiti mwoga. Twamwambia tu kuwa yako mambo ya kuipunguza khofu. Iko Wakala wa Kulinda Mashahidi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Iko njia ya kutoa ushahidi kwa wachunguzi faraghani, bila ya jina kutangazwa. Na shahidi mmoja ni rahisi kutishwa, lakini watu saba walioingia pamoja, na imamu wao mbele yao, si rahisi. Hicho ndicho walichokijua watu wa Hilful Fudhul.

Nasi wenyewe tuna letu la kukiri. Wawili katika wana darasa wetu walikuwa miongoni mwa wale saba wa bao. Walikuwa wakija darasani kila usiku, wakisikiliza haya tunayoyaandika, na hawakutuambia mpaka juma la tatu, tulipofika kwenye aya ya Bakara. Mmoja alilia. Wa pili alitoka nje, akakaa juu ya ngazi za msikiti kwa muda mrefu, kisha akarudi akauliza ofisi ya Mamlaka hapa Mombasa hufunguliwa saa ngapi.

Jawabu letu kwa mama yule, basi, ni kuwa yajuzu, na haki ni yake, na hana dhambi akiomba wala akiacha. Tulimsomea sababu zake moja moja. Akauliza kama ataruhusiwa kuwapo kaburini siku hiyo, tukamwambia kuwa twamwonea huruma kwa atakayoyaona, na kuwa nduguye atosha. Alisema atakuwapo. Ombi lake limekwisha pelekwa mahakamani, na bahasha, ambayo hakuifungua, imekabidhiwa wachunguzi mbele ya mashahidi wanne. Wale ndugu wawili wameandikisha maneno yao siku ya Jumatano. Watano waliobaki twawajua, na wao watujua, na darasa yetu iko pale pale baada ya Isha.